Gereji Iliyokula Nyumba ya Arbia

Majirani wa Galbet, sogeeni mnisikilize. Nawasimulia habari za Guleid fundi, ambaye ninapakana naye ukuta kwa ukuta, na nitasema waziwazi kwa sababu wengi wenu mna ugonjwa wake.

Asubuhi za kwao zilikuwa tulivu. Mkewe Arbia alichemsha chai ya maziwa ya ngamia, watoto wakaenda madrasa, naye Guleid akalala chali chini ya lori katika kibanda cha mabati kando ya nyumba. Juu ya mapao ya kibanda hicho palifungwa mzigo wa miti iliyopindwa na mikeka mizito. Hiyo ilikuwa aqal ya Arbia, nyumba ya kubebwa na ngamia, aliyotengenezewa na mama yake Barwaqo pamoja na shangazi zake alipoolewa. Nyumba ile ni mali ya mwanamke, sote tunajua. Mume huingia kwa kukaribishwa.

Kisha Guleid akaenda Nairobi kutafuta spea, akaona gereji ya watu yenye sakafu ya saruji na meza za chuma. Tangu arudi hakutulia. Alibomoa kibanda, mzigo wa aqal akauweka kando, akaanza kuta za mawe. Akachukua ua walipocheza watoto. Akachukua jiko, Arbia akawa anapikia juani. Alfajiri nyundo, jioni nyundo, na alichojenga leo alikibomoa kesho kwa kuwa meza ingekaa vizuri upande wa pili. Kwangu hata vikombe vilitikisika. Nilichoka, nasema kweli.

Msinielewe vibaya. Fundi anayelala mchangani siku nzima anastahili sakafu. Lakini magari yalijengewa mawe huku watoto wakilala ndani ya kuta za udongo zilezile za zamani, na mwenyewe hakuona kasoro.

Barwaqo akaugua kule Bura, Arbia akaenda kumuuguza. Huku nyuma Guleid akamwaga sakafu yake. Jua letu mnalijua, saruji mbichi isipofunikwa na kulowanishwa hupasuka. Alitazama huku na huku, akaona mikeka ya aqal. Akaitandaza juu ya saruji na kuimwagia maji kila siku mpaka ikaoza. Miti nayo akaikata kwa msumeno, mingine ikashikilia mbao za ukutani, iliyobaki ikawachemshia vibarua chai.

Arbia aliporudi na mama yake, alikuta kamba na masalio ya miti tu chini.

"Iko wapi nyumba yangu?" aliuliza.

"Si hii unayolala?" Guleid alijibu bila kugeuka. "Sisi ni watu wa mji sasa, Arbia. Utahamia wapi?"

Barwaqo aliinama. Aliokota kipande cha mti kilichokatwa, akakificha ndani ya shuka lake.

Ikaja ile mvua ya mwaka wa tisini na saba. Zamani maji yalipita nyuma ya ua wa Guleid na kwenda zake. Safari hii yalikuta ukuta wa mawe, yakageuka na kuingia chumbani walimolala watoto. Udongo ukalainika, nyumba ikaanguka. Alhamdulillahi, wote walikuwa wametoka.

Tulikimbilia mwinuko wa changarawe nyuma ya mtaa. Kila mwanamke aliyekuwa na aqal aliifungua, na kabla ya alasiri nyumba zilikuwa zimesimama. Arbia alikaa chini ya turubai la lori pamoja na mama yake aliyekohoa na binti yake Ruweyda aliyetetemeka mwili mzima. Upepo ulipolibeba turubai, Guleid alisimama akishika pembe zake kwa mikono, fundi hodari wa Galbet asiye na hata mti mmoja wa kuliegemeza. Nilimhurumia, na hasira yangu haikuisha.

Hapo jirani yetu Fatumo akachomoa mti mmoja kwenye aqal yake akauleta. Habibo, jirani mwingine, akaleta mkeka. Nami nikatoa wangu, na wengine wakafuata. Ikasimama nyumba ndogo ya viraka. Barwaqo akatoa kile kipande alichokificha, akakifunga mlangoni. Wanawake na watoto wakaingia, Guleid akainama awafuate.

Arbia akanyoosha mkono kumzuia. "Ngoja. Hujapiga hodi."

"Hodi," alisema Guleid, mvua ikimnyeshea.

"Nyumba hii ni ya hawa walioitoa. Nenda ukawaombe mmoja mmoja. Wakikubali, rudi."

Akaenda, mlango kwa mlango, mbele ya watu wote. Alipofika kwangu sauti yake ilikuwa imekwisha. "Walaal, dada yangu, nilikata mti usio wangu," alisema. Nikamruhusu.

Maji yalipopungua tulikuta gereji imesimama, sakafu yake haina hata ufa mmoja. Mikeka ya Arbia ilifanya kazi yake. Arbia aliitazama sakafu ile, akalia.

FUNZO

Enyi waume wenzake Guleid, boresheni kazi zenu, hakuna anayewakataza. Lakini kabla hujachukua kivuli, jiko au mti wa mtu wa nyumbani mwako, muulize, na akikataa, uache. Kazi ni ya kuitunza nyumba. Ukiila nyumba ili kazi yako ipendeze, siku ya mvua utasimama nje ukishika turubai. Na wewe Guleid, najua unanisikia hapo ukutani. Miti ya Arbia bado hujailipa.