Fomu Niliyoiambia Njoo Kesho

Mimi ni fundi cherehani. Mafundi mnatujua. Mteja akija kuchukua nguo yake, tunamwambia, "Njoo kesho." Nimesema hivyo miaka ishirini, na wateja wamenizoea.

Binti yangu mkubwa tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Anasomea chuoni kazi ya kutengeneza miguu ya bandia. Alipokuwa mwaka wa pili, alinijia mbio kwenye cherehani, fomu mkononi.

"Mama, nimechaguliwa! Nitasoma nje ya nchi mwaka mzima! Imebaki saini yako tu. Mwisho ni Ijumaa."

Niliogopa. Wateja walikuwa wameniambia kwamba watoto wakienda huko hupotelea huko huko. Sikuuliza mtu mwingine. Niliitia fomu kwenye droo, pamoja na karatasi ninazokatia kola.

"Njoo kesho, mwanangu."

Alikuja kesho yake, nikamwambia vile vile. Siku ya Ijumaa alisimama mlangoni, akanitazama, akaondoka bila kusema neno. Chiriku wangu alinyamaza. Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Mwaka uliofuata, mshauri wa wanafunzi wa chuo chake alikuja kushonesha suruali. Nikampima kiuno huku nikimsimulia hofu yangu.

"Mama, ulimwuliza nani kuhusu safari ile?"

"Wateja."

"Wateja wanajua nini? Ukurasa wa pili ulieleza yote: bweni lake, mwenyeji wake, tarehe ya kurudi. Hata kwamba masomo ya kule yangehesabiwa hapa. Kuogopa si kosa, mama. Lakini anayeogopa aandike maswali yake, apige simu chuoni, ajibiwe kabla ya siku ya mwisho."

"Basi ataomba tena."

Aliinamisha kichwa. "Nafasi ile ni ya mwaka wa pili tu. Yeye sasa yuko wa tatu."

Utepe wa kupimia uliniponyoka. Jioni nilimwomba Chiriku msamaha. "Yameshapita, Mama," alisema, lakini hakunitazama. Niliumia sana.

Mwaka huu mdogo wake, anayesomea kazi ile ile na yuko mwaka wa pili, naye alileta fomu. Siku hiyo hiyo tulikaa mezani. Chiriku ndiye aliyetusomea, ukurasa wa kwanza na wa pili. Mimi niliandika maswali. Je, masomo yatatambuliwa hapa? Akiugua, nani atanipigia simu? Asubuhi nilipiga simu chuoni, nikajibiwa yote. Nilitia saini kabla ya saa sita mchana.

Kisha nikamshonea koti. Lilikuwa tayari wiki nzima kabla ya safari. Mume wangu alicheka, akasema fundi leo kaugua! Mabinti wangu wana kipimo kimoja, kwa hiyo Chiriku alilijaribu. "Linakaa vizuri," alisema. Akalivua, akamvisha mdogo wake.

Mdogo wake alifika salama, na anasoma vizuri. Kila Jumapili hupiga simu, na Chiriku huwahi kuipokea. Humwuliza kila kitu: karakana ikoje, mitaa ikoje, baridi ikoje. Mimi husimamisha cherehani nikasikiliza. Yote anayoyauliza angeyaona kwa macho yake, kama ningetia saini Ijumaa ile.