Usimmalize Mtu Mmoja

Nyayo zilikuwa za mkewe, hilo halina ubishi. Zilipita peku katikati ya vumbi jeupe la plasta lililotanda sakafuni mwa karakana, kutoka mlangoni hadi kwenye rafu ya nyuma, na kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kimekipanda cha pembeni yake. Patasi alikijua kidole kile kuliko alivyoijua sahihi yake mwenyewe. Kabla hajamwoa mwenye nacho, alikuwa ameshakichora.

"Huyu naye kaja saa ngapi?" alijiuliza, maana mkewe alikuwa kwa dada yake tangu juzi. Ndipo alipoona jambo jingine, akakiweka chini kikombe chake cha chai. Nyayo zilikwenda kwenye rafu. Hazikurudi.

Kwenye rafu ile palikuwa na kitu kimoja tu, kalibu ya plasta, chapa aliyoitoa usoni mwa mkewe wiki iliyopita. Patasi alishika ufagio akafagia upesi upesi kama mtu anayeficha ushahidi, wala hakujua alikuwa akimficha nani.

Sasa tumseme kidogo huyu Patasi. Jina hilo alipewa na watu kwa sababu ya ile patasi ya kuchongea iliyokuwa haimtoki mfukoni, hata harusini mwake alikuwa nayo. Kazi alikuwa anaijua, jamani, tusimnyime haki yake. Mji mzima ulikuwa umejaa sanamu zake. Watu wakiahidiana kukutana, waliahidiana chini ya mkono wake: "Ningoje kwa Mkimbiaji," "Nishushe kwa Meya." Na yote hayo aliyajua kwa mzee mmoja mkali, mwalimu wake, ambaye sasa ni marehemu. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Alimfundisha kuchanganya plasta, kumpaka mtu mafuta ya mgando ili ngozi isinate, kumtoa kalibu ya mguu au bega na kuikuza iwe ya sanamu. Halafu akamwachia mwiko mmoja.

"Pua kwa huyu, sikio kwa yule, goti kwa jirani," alisema. "Usimmalize mtu mmoja."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Fanya kazi."

Kijana akaona ni mambo ya wazee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani mwenye miaka ishirini anasikia? Mkewe alikuwa pale pale nyumbani, mvumilivu, akiambiwa atulie anatulia. Kwa hiyo miguu yake ilikwenda kwa Mkimbiaji, mbele ya uwanja wa michezo. Mgongo na mabega yakaenda kwa Msomaji, mbele ya maktaba. Masikio, Mungu amsamehe, alimpa Meya wa zamani, kwa kuwa ya Meya mwenyewe yalikuwa hayatazamiki, na tangu hapo mji mzima ukawa unampigia saluti mwanamume mwenye masikio ya mke wa mtu. Mikono ndiyo iliyomtoa. Viganja viwili vikubwa vya shaba, vimekinga maji yanayochuruzika katikati ya uwanja wa jiji. Maharusi walikuwa wakipigia picha hapo. Sanamu nyingine zilimlisha Patasi, lakini ile Mikono ndiyo ilikuwa roho yake.

Na sasa mji ulitaka sanamu ya Mama, uso mzima, mkubwa, wa kutazama barabara kuu. Patasi akamlaza mkewe kwenye benchi la karakana, akampaka mafuta, akamtia mirija miwili puani ili apate kupumua, akammwagia plasta. Plasta inaposhika hupata joto. Kalibu ilipovuliwa, mkewe aliinuka, akaalisha vidole vyake kimoja kimoja, viungo vikilia ta, ta, ta, kama alivyozoea kila anapoanza au kumaliza kazi.

"Leo nimeona kama nazikwa hai," alisema. "Umebakiza nini tena, Patasi? Utumbo?"

Walicheka wote wawili.

Mkewe alirudi kutoka kwa dada yake akiwa amefuatana na dada mwenyewe, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, aliyesema amekuja kukaa siku mbili tatu kwa sababu mdogo wake "hayuko sawa". Patasi hakuuliza hayuko sawa vipi. Alijionea mwenyewe jikoni. Mkewe alikuwa anaipua sufuria ya maji yanayochemka, ikamponyoka, maji yakammwagikia mguuni, naye akainama kuokota kifuniko huku anaendelea na habari za jirani.

"Wewe! Mguu!" shemeji alipiga yowe. "Mguu wako unaungua!"

Mkewe akatazama chini. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuinuka malengelenge.

"Mbona sisikii kitu?" aliuliza, taratibu, kama mtoto.

Hospitali wakafunga bandeji na kusema mishipa. Baada ya miguu ukaja mgongo, akawa hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa. Kisha masikio, ukimwita mara moja hageuki. Mwisho vikombe vikaanza kumponyoka. Nyumbani ikaingia harufu ya mafuta ya mgando, nzito, mchana kweupe, saa ambazo hakuna aliyefungua kopo. Na sauti ile. Mkewe akiwa amelala chumbani, vidole vimemlegea juu ya shuka, wao wawili sebuleni wakasikia kutoka upande wa karakana: ta, ta, ta.

"Umesikia?" shemeji alinong'ona.

"Ni bati linapata joto."

"Bati lina vidole, shemeji?"

Patasi alikwenda kutazama, kwa sababu mwanamume akiulizwa swali la namna ile hana budi kwenda. Jua lilikuwa la utosi, kivuli hakuna, na mlango wa karakana aliokuwa ameufunga mwenyewe ulikuwa wazi kiasi cha mtu kupita ubavu. Ndani, kwenye kiti chake cha kazi, alikuwa ameketi mkewe amempa mgongo, mgongo wake ule ule ulioinama kidogo, mabega yake, masikio yake madogo, na Patasi akataka kumwita amwambie mke wangu umepataje nguvu za kufika huku, lakini harufu ya mafuta ilimjaa kooni, akaona kwamba miguu iliyokuwa chini ya kiti haina bandeji, na kwamba ile mikono ilikuwa imeishika kalibu ya uso na inaigeuza geuza kwenye mwanga, kisha ikaiinua polepole, ikaijaribisha usoni kama mtu anavyojaribu kofia dukani, ikaona haijakaa, ikaishusha tena, na kichwa kikageuka kumtazama, na pale penye uso hapakuwa na jicho wala pua wala mdomo, palikuwa na udongo mtupu uliolainishwa kwa kiganja.

Hakujua alipiga kelele gani. Shemeji alipofika kiti kilikuwa kitupu na kalibu iko sakafuni, nzima.

"Twende kwa Bibi Pazia," shemeji alisema. "Leo. Na usiniambie mishipa."

Bibi Pazia alikuwa akishona mapazia kwenye chumba chenye dirisha moja, na watu wa mtaa walijua kwamba akiinuka kwenye cherehani yake huwa kuna mtu amepagawa mahali. Safari hii hakuinuka. Alisikiliza huku anakanyaga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usikae hapo, kuna sindano." Alikata uzi kwa meno. "Jini hana mwili, mwanangu. Ni upepo, hupita zake. Wewe ukamshonea mwili. Kipande leo, kipande kesho, vyote kwa kipimo cha mtu mmoja, ukavitundika barabarani. Angeacha kuvaa?"

"Sikujua, bibi."

"Hukuambiwa?"

Patasi akaigusa patasi yake mfukoni.

"Basi ulijua. Nguo moja haivaliwi na wawili. Kila anapovaa yeye, mkeo anavuliwa. Kimebaki uso. Siku utakapoifunua hiyo Mama yako, kitandani kwako litabaki ganda."

"Dawa yake?"

"Nyundo. Ulichokitengeneza kwa mkono wako ukivunje kwa mkono wako. Vyote. Ukimbakizia hata ukucha, atang'ang'ania hapo hapo, na hatakuwa na subira tena, atakuwa na hasira."

"Hata ile Mikono?" shemeji aliuliza.

"Hasa hiyo."

Alianza na kalibu ya uso, akaisaga mpaka ikawa unga, na udongo wa Mama akaubomoa wote. Kisha akavaa ovaroli, akabeba ngazi na kuingia mjini asubuhi kweupe. Mungu ana vituko vyake. Mtu akiharibu mali ya umma gizani hukamatwa, lakini mzee mwenye ovaroli na ngazi mchana hushikiwa ngazi. Mlinzi wa uwanja alimshikia akiwa anaikata miguu ya Mkimbiaji, akisikitika kwamba kutu siku hizi haina adabu. Kwa Msomaji aliutindua mgongo mpaka watu wa maktaba wakafunga madirisha kwa vumbi. Kwa Meya kulikuwa na askari.

"Mnampunguza masikio, mzee?"

"Yalizidi."

"Hata mimi nilikuwa nasema! Yalikuwa kama ya kike kike."

Kila alipovunja kipande, moyo ulimuuma. Tusimcheke. Ni umri wake ule aliokuwa anaumwaga chini.

Alifika kwenye Mikono jua linaelekea magharibi. Mama mmoja alikuwa anamnawisha mtoto uso kwa maji yale. Patasi aliweka ngazi, akapanda, akaishika nyundo. Viganja vilikuwa vimejaa mwanga, mistari yote ipo, hata kovu dogo la kisu alilopata mkewe mwaka wao wa kwanza.

"Shikamoo, fundi!" mtu aliyekuwa akipita alimwita kutoka chini. "Unaisafisha? Isafishe vizuri, mke wangu nilimpatia hapo hapo!"

Patasi alicheka, akamwitikia. Akaitazama nyundo. Akajiambia miguu imekwenda, mgongo umekwenda, masikio yamekwenda, uso hakuna tena, jini atafanya nini na viganja vitupu? Akajiambia mtu hawezi kufa bila kuacha kitu. Alishuka na nyundo yake mfukoni.

Nyumbani alimkuta mkewe amesimama mwenyewe, peku kwenye sakafu, analia.

"Baridi!" alimwambia. "Patasi, sakafu ina baridi! Naisikia!"

Alimkumbatia mpaka shemeji akageuza uso. Bibi Pazia, aliyekuja kumtoa jini, alikuwa ameketi kando, shanga zake mkononi.

"Na mikono?" bibi aliuliza.

"Ina ganzi kidogo, bibi," mkewe alijibu. "Itakuja tu."

Bibi Pazia akamgeukia Patasi. "Umevunja vyote?"

"Vyote, bibi."

"Vyote?"

"Nimeshasema, bibi. Vyote."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bibi alisoma alichosoma, milango ikajipiga, na kinywa cha mkewe kikauliza kwa sauti iliyokuwa si yake, "Uso wangu uko wapi?", kikauliza tena na tena, kila mara kwa mbali zaidi, mpaka kukawa kimya. Harufu ya mafuta ikatoka. Bibi Pazia akaondoka akiwa ameridhika, kwa kuwa aliamini alichoambiwa.

Zikapita siku njema. Mkewe alitembea, alisikia, aligombana na dada yake kama zamani. Hakualisha vidole tena, lakini nani hukumbuka kuulizia kitu kama hicho? Ila siku moja shemeji alimkuta jikoni anazungumza dirishani na jirani huku mikono yake iko ndani ya donge la unga, na ile mikono, yenyewe, ilikuwa imefinyanga pua na nusu ya paji la uso.

"Umejifunza lini?" shemeji aliuliza.

Mkewe aliangalia chini, akashtuka, kisha akacheka. "Ndoa ndefu hiyo, dada. Huambukiza mtu."

Jumapili ile shemeji alikuwa ametoka. Baada ya chakula cha mchana Patasi alijinyosha kwenye benchi la karakana, usingizi ukamchukua. Akaamshwa na viganja viwili vikimpapasa kuanzia utosini, vikishuka kwenye paji, mashavu, kidevu, polepole, bila kusahau kona za pua. Alitabasamu macho yakiwa yamefungwa.

"Leo imekuwaje, mke wangu?"

Hakujibiwa. Tone moja la maji ya moto lilimdondokea kwenye kope, kisha la pili, na ndipo alipoisikia harufu.

"Patasi," mkewe alinong'ona, na sauti ilikuwa yake, imekauka kwa hofu. "Patasi, amka. Si mimi. Wallahi si mimi, ni mikono."

Alitaka kuinuka. Kiganja kimoja kilimbana kidevu kwenye benchi, baridi na kizito, hakikutikisika hata alipokipiga kwa ngumi mbili, na kwa pembe ya jicho alimwona mkewe amejivuta nyuma kwa nguvu zake zote, miguu yake ile aliyorudishiwa ikikwaruza vumbi jeupe, mabega yake yakivuta, kichwa chake kikitikisika kukataa, mwili wote ukikimbia isipokuwa mikono, na mkono wa pili ukaingia taratibu kwenye ndoo iliyokuwa pembeni, ndoo ambayo plasta yake ilikuwa imeshakorogwa vizuri, bila madonge, kama alivyomfundisha mwalimu wake.

"Ulisema vyote," mkewe alilia. "Patasi, si ulisema vyote?"

Mkono ukasita kidogo hewani. Ta, ta, ta.

"Mirija," Patasi alijitahidi kusema. "Mke wangu, mirija, pua—"

Plasta ilianzia mdomoni. Aliusikia mkono ukilainisha, ukijaza tundu moja la pua, kisha la pili, kwa uangalifu wote wa kazi njema, na kwa mbali mkewe akimwita dada yake ambaye hakuwapo. Kisha plasta ikaanza kupata joto.