Watu Saba wa Nyumba Tupu

Kila mkipata wageni mnanikalisha niwasimulie uchafu huu, utadhani mimi redio. Haya. Anayekula aweke kijiko chini.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuwa karani wa sensa. Mwaka ule nchi tatu jirani zilikubaliana kupeana hesabu za watu wao, nani kazaliwa, nani kahamia wapi, ili chanjo zifike penye watoto. Kazi ya maana, akapewa mvivu.

Juu ya kilima, nyuma ya kiwanda cha ngozi, kulikuwa na nyumba tupu. Kupanda hakutaka. Akakaa barazani kwangu, anakunywa chai yangu, akaijazia watu saba kwenye kishikwambi: mke, watoto watano, bibi kizee. Kishikwambi kikagoma kuendelea bila namba ya kitambulisho cha mkuu wa kaya. Akaandika yake.

"Nani atajua, mama?" Anacheka.

Baadaye mashuka ya mkwe wangu yakaanza kunuka ngozi mbichi. Binti yangu akafua mpaka vidole vikachubuka. Kisha ofisi ya nchi ya pili ikapiga simu: "Karani, familia yako imepita hapa, watu saba. Wanakutafuta." Kesho yake ikapiga ya tatu.

Ijumaa, jua la utosi, binti yangu anapakua chakula, tukawakuta wamekaa mkekani, saba, ngozi zao zimeparwa manyoya na zinachuruzika maji ya chokaa, nzi wanaingia puani na kutokea mdomoni, na yule kizee anazoa mate yake sakafuni kwa kiganja, anayalamba, anatema, anayalamba tena, huku mtoto mdogo kabisa akimtazama mkwe wangu kwa upendo.

"Shikamoo, baba."

"Mama," binti yangu akaninong'oneza, "hawa nani?"

"Muulize mumeo. Kawazaa kwa kidole."

Tukamleta mganga, mama mmoja asiye na maneno mengi. Akanusa, akafunga mkoba wake. "Jini aliyevamia namtoa. Hawa wameitwa kwa maandishi."

Mkwe wangu akakimbilia ofisini kuwafuta. Akawafuta. Jioni orodha za nchi zile mbili zikawarudisha wote saba. Na kwa kuwa mtu haongozi kaya mbili, mashine ikashika ile mpya. Binti yangu na mwanawe hawakuwamo popote. Nesi wa chanjo akatafuta jina la mjukuu wangu, hakuliona. Usiku nilipomwogesha, visigino vyake vilikuwa vimekauka, vigumu kama soli.

"Kaya inamtaka mkuu wake," mganga akasema. "Akienda, mtoto atalainika. Asipoenda, mtamvaa mguuni."

Mkwe wangu akalia, akanishika miguu. "Mama, niombee."

"Kilima kile kile ulichokionea uvivu," nikamwambia. "Panda."

Akapanda, na wale saba nyuma yake, wamepanga mstari, wanamwita baba. Mtoto akalainika asubuhi.

Mwaka huu karani mpya, binti mwenye bidii, alipanda mpaka mlangoni akagonga.

"Mko wangapi humu?"

"Wanane," sauti ya mkwe wangu ikajibu.

Akamwomba aweke kidole gumba kwenye fomu. Mkono ukatoka dirishani, nyama tupu, unang'aa, hauna ngozi hata ya kucha. Ngozi yenyewe, bibi kizee alikuwa ameivaa.