Bahasha Ndani ya Buti la Babu

Kila alasiri Solveig aliposhuka kwenye basi la shule, alikung'uta theluji juu ya sanduku la barua lililokuwa kando ya barabara, akazitoa barua na kuingia nazo ndani. Kazi hiyo ilikuwa ya babu yake mpaka alipofariki mwezi wa Oktoba. Sasa ilikuwa yake, naye aliichukia, kwa sababu barua za babu hazikukoma kuja.

Ya kwanza ilimliza mama palepale jikoni, viazi vikaungua. Kwa hiyo mwishoni mwa Januari, ilipokuja bahasha nyingine yenye jina la Arvid Nystrom, Solveig hakumpa. Aliisukuma ndani ya buti la babu. Mabuti yale yalikuwa bado mlangoni, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyaondoa.

Tangu siku hiyo mabuti yakaanza kulia. Kila hita ilipowaka, ngozi ilitoa mlio, kama mtu mzito anayebadilisha mguu wa kusimamia. Solveig alijua ni joto tu. Hata hivyo alipita mlangoni mbio, na wiki hadi wiki chakula kilizidi kumshinda.

Jumamosi moja ya Machi alikuja jirani yao, Bi. Pakou, aliyestaafu kazi ya kodi. Alivua viatu na kuvipanga sawasawa kando ya mabuti ya babu. Solveig akaenda kuketi mbali na mlango.

"Haya, Karin, tummalizie mzee fomu yake ya mwisho ya kodi ya mapato," Bi. Pakou alisema akiketi.

"Baba alijisifu kwamba hadaiwi na mtu hata senti," mama alijibu. "Nataka ibaki hivyo."

"Ada ya chuo ya mwanao Torsten, ile ya Agosti, aliilipaje?"

"Alikiandikia chuo hundi. Nadhani alitoa kwenye ile akiba ya masomo aliyomwekea tangu akiwa mtoto."

"Basi ilipaswa kuja karatasi ya kuonyesha katoa kiasi gani. Nakala yake serikali inayo. Tukikaa kimya, watahesabu faida yote ya akiba hiyo kuwa pato la mzee, wamdai kaburini."

"Haijaja, dada. Barua zote naletewa na huyu mtoto, na huyu hapotezi kitu."

"Kama haijaja, basi hakutoa kwenye akiba hiyo. Tia sahihi hapa, kwamba hakuna ulichoacha."

Mama akashika kalamu. Hita ikawaka, na kule mlangoni ngozi ikalia.

"Mama, usiandike." Solveig aliinuka. "Ilikuja. Iko ndani ya buti la babu. Sikutaka ulie tena."

Akaenda kuichomoa. Mama aliipokea, akalisoma lile jina, na kweli akalia. Lakini alimvuta Solveig mapajani huku analia, jambo ambalo Solveig hakulitarajia.

Bi. Pakou aliifungua, akailinganisha karatasi iliyomo na risiti ya chuo. "Katoa dola elfu tisa. Chuo kilipokea elfu nane mia saba na sitini. Sehemu iliyolipa ada haina kodi. Hizi mia mbili arobaini zilikwenda wapi?"

Mama akafuta pua. "Koti la baridi la Torsten. Mzee huyu!"

"Koti si ada. Faida iliyomo katika hizo mia mbili arobaini inatozwa kodi. Kama dola kumi na nane hivi."

Solveig akaitazama bahasha. Miezi miwili ya hofu, kwa dola kumi na nane.

"Sikiliza, mwanangu," Bi. Pakou alisema. "Ulimhurumia mama yako, na huruma si kosa. Kosa ni kuficha. Ungenyamaza, mama angetia sahihi uongo bila kujua, na babu yako angeitwa mdaiwa. Jambo likikuogopesha, lilete mezani tulitazame pamoja."

Mama alilipa siku ileile. Kisha akaingiza miguu kwenye mabuti ya babu, yaliyomzidi mno, akamshika Solveig mkono. Walitembea hadi kwenye sanduku la barua kuchukua barua za siku hiyo, mabuti yakilia njia nzima, na Solveig hakukimbia.