Milembe Hafungui

Mwaka juzi, mwezi wa saba, shangazi yangu Milembe wa Migato alikuwa chumbani akichambua pamba, safi huku, chafu kule. Kwetu pamba hulala ndani na wenyewe mpaka siku ya kupelekwa kupimwa. Ilikuwa saa saba mchana. Wifi yake, Nyanjige, alikuwa akimsaidia.

Mlango ukagongwa.

"Mwadila, Milembe."

Salamu ya mchana, kwa sauti ya mumewe, Jilala. Walikuwa wamemzika miaka miwili nyuma.

Kijijini sauti hizo za wafu zilijulikana. Scola, jirani yetu mjane, aliitwa na mumewe akafungua. Tulimkuta amekufa kizingitini, kinywa kimejaa pamba. Simlaumu; miaka sita ya kulala peke yako si mchezo. Mayala, alipoitwa na marehemu mkewe, aliziba masikio akakimbilia Maswa. Sauti ilimtangulia stendi. Siku hizi hajui hata jina lake.

"Fungua, mke wangu. Jua kali."

Nyanjige alinong'ona, "Ziba masikio, wifi. Imba pambio lolote. Sema humtaki."

"Namtaka."

"Yesu wangu!"

"Namtaka mpaka meno yananiuma. Nikisema simtaki nitakuwa mwongo, na yeye ananijua." Akakaa chini akiuelekea mlango, mikono wazi magotini. "Lakini sifungui."

"Milembe. Umenisahau?"

Baadaye aliniambia hamu ilianzia tumboni, naye akaitazama inavyopanda. Ikafika kifuani. Ikafika mikononi. Vidole vikaanza kulitafuta komeo. Hakuvikunja. Alivitazama tu. Akapumua. Ikapanda tena. Akapumua.

Komeo likatikisika.

"Tikisa," alisema taratibu. "Nakutaka, na nimekaa."

Komeo likatulia.



Jua lilipopoa, Nyanjige alifungua mlango. Vumbi la uani lilikuwa laini, halina unyayo hata mmoja. Akageuka amwambie wifi yake. Maneno hayakutoka. Akanyoosha kidole.

Ndani, kwenye lundo la pamba, nyuma kabisa ya mgongo wa shangazi, palikuwa na alama ya mtu aliyekaa. Makalio. Mgongo. Viganja viwili.

Shangazi aliweka mkono pale.

Palikuwa na joto.

"Nakutaka," alisema, "na sihami."