Sahihi Mbili Juu ya Bahasha

Ijumaa za Kwaresima mjini St. Louis, Marekani, mtu hapiki kwake. Watu hushuka ukumbi wa chini ya kanisa kula samaki wa kukaanga, na foleni hutoka mlangoni ikazunguka mpaka maegesho ya magari, wazee na fimbo zao, watoto na kamasi zao. Corinne Vitale alilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana jioni ile alisimama kando ya foleni na ubao wake wa karatasi, koti jekundu la mama yake mabegani, buti mpaka magotini, midomo ameipaka rangi ya zambarau, anakusanya sahihi ili suala la kuruhusu kutoa mimba lipelekwe kwenye kura ya Novemba.

Ukitaka kujua kama mtu ana roho ngumu, mtume akaombe sahihi za jambo hilo kwenye ngazi za kanisa.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Akatoka mwanaume mrefu, aproni imejaa unga, koleo la kugeuzia samaki mkononi, masikio yamewiva kwa joto la mafuta.

"Dada, padri anasema usogee."

"Padri mwenyewe yuko wapi?"

"Anakula."

"Basi akishiba aje aniambie mwenyewe. Hapa ninaposimama ni barabara ya serikali."

Jamaa akautazama ubao, akamtazama mwenye ubao, na hapo kwa mwenye ubao macho yakakwama. Alikuwa ametumwa kufukuza, lakini kilichomtoka ni lile swali ambalo mzaliwa wa mji huo humwuliza mwenzake hata kabla ya jina.

"Ulisoma sekondari gani?"

"Ile ya masista. Wewe?"

"Ya mapadri. Tulikuwa tunakuja kwenye dansi zenu."

"Nawakumbuka. Mlikuwa mnatukanyaga."

"Mimi sijamkanyaga mtu. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, naogopa."

Akarudi jikoni. Corinne akadhani yamekwisha. Dakika tano baadaye yule bwana akatokea tena na sahani: samaki vipande viwili, tambi, na kabichi.

"Sisaini," alisema. "Lakini kula, utaanguka hapa tupate kesi."

Jina lake Emmett Holtmeyer, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, Mrepublikan wa kuzaliwa. Corinne alikuwa msafisha meno, Mdemokrat wa kuzaliwa. Chama cha Corinne kinasema tumbo ni la mwenye tumbo. Chama cha Emmett kinasema aliyemo tumboni naye ni mtu. Vimebishana miaka hamsini, na katika miaka yote hiyo hakuna chama hata kimoja kilichowahi kutapika asubuhi.

Corinne alianza kutapika Julai.

"Ni samaki wako wale," alimwambia Emmett kwenye simu.

"Wale ulikula Machi, mpenzi."

"Basi jitafakari ulichonilisha baada ya Machi."

Upande wa pili Emmett alicheka mpaka mteja wake akamwuliza kama mtambo umelipuka. Siku hiyohiyo alinunua mbao za kitanda cha mtoto, na wiki iliyofuata akaja na pete kwenye kisanduku cha misumari.

"Ngoja Novemba ipite," Corinne alisema, mkono uko juu ya kisanduku. "Nikiolewa na Mrepublikan kabla ya uchaguzi, Paulette atanifuta kitabuni." Bi. Paulette Strode ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chake katika mtaa, mama mwenye miwani ya mnyororo na simu mbili.

Kuhusu ile kura hawakuongea. Emmett kila mwaka wa uchaguzi alikaa kwenye meza ya chama chake, akigawa vitoto vya plastiki virefu kama kidole, mfano wa mtoto aliye tumboni. Kimoja kilikuwa juu ya dashibodi ya gari lake la kazi. Corinne akipanda hukigeuza kitazame dirishani, akishuka Emmett hukigeuza tena, na mambo yakaenda hivyo.

Septemba wote wawili wakapata kibarua cha uchaguzi. Wazee waliolala kwenye nyumba za kulelea hawawezi kwenda kituoni, kwa hiyo kura hupelekwa kitandani, na sheria inataka ipelekwe na watu wawili, mmoja wa kila chama, ili pasiwe na wa kumwibia mwenzake. Gari moja, kitanda kimoja kwa wakati. Mzee anaweka alama, humwulizi chochote. Bahasha inafungwa, inageuzwa, na wawili wale wanasaini juu ya mfuniko: Mdemokrat kushoto, Mrepublikan kulia, na tarehe. Sahihi moja ikikosekana, kura imekufa. Ofisini hawakuulizwa kama ni wapenzi, nao hawakujitangaza.

Jumanne moja ya Oktoba, baridi ya kwanza ilipopiga na simu ya Emmett haipoi kwa watu wanaotetemeka, Corinne alikwenda peke yake kupigwa picha ya mtoto.

Daktari alisogeza kile kifaa tumboni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akawasha taa. Mtoto hana figo. Hana maji ya kuogelea, na bila maji mapafu hayakui. Atazaliwa, lakini hatapumua.

"Kwa hiyo nifanye nini?" Corinne aliuliza.

Daktari akautazama mlango. Katika jimbo lile sheria iliruhusu mimba itolewe tu kama mama mwenyewe yuko hatarini kufa, na Corinne alikuwa mzima kabisa, alikuwa hata na njaa. "Hapa mimi naweza kukupa miadi ya mwezi ujao," alisema polepole. "Mengine yako ng'ambo ya mto, jimbo la pili."

Corinne alikaa garini saa nzima bila kuwasha injini. Alishika simu kumpigia Emmett, akakumbuka kile kitoto cha dashibodini, akaiweka. Akaishika tena. Mwishowe akampigia Bi. Paulette, kwa sababu chama kilikuwa na watu wa kujitolea kuvusha wanawake daraja. Akamwaga yote, mpaka hofu yake ya kumwambia Emmett.

Bi. Paulette alilia, na kilikuwa kilio cha kweli. Kisha akapenga kamasi.

"Mwanangu, unajua habari yako hii ni kura ngapi?"

Corinne hakusema ndiyo. Kosa lake ni kwamba hakusema hapana. Alikata simu akilia, na kwa watu wa kampeni asiyekataa amekubali.

Siku tatu alimkwepa Emmett. "Nina mafua, usije, nitakuambukiza." Emmett akaacha sufuria ya supu barazani na kikaratasi: *Hii ni ya wawili.* Corinne aliimwaga kwenye sinki, akakaa sakafuni.

Jumamosi simu ikaita.

"Corinne."

"Bado nina mafua."

"Mtoto hana figo?"

Corinne akaketi kitandani.

"Nimesoma kwenye karatasi ya kampeni," Emmett alisema. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayebeba kitu kizito ngazini. "Imebanwa mlangoni kwangu pamoja na tangazo la piza. C., miaka thelathini na moja, msafisha meno. Anaogopa kumwambia mpenzi wake, kwa sababu ni Mrepublikan. Wameandika hivyo, Corinne. Mpenzi wake ndiye mimi?"

"Sikuwaruhusu."

"Lakini uliwaambia. Mimi napaka rangi kitanda, wewe unamwambia Paulette."

"Ningekwambia nini? Si wewe unayegawa vile vya plastiki?"

"Ulidhani nitafanya nini? Nikufungie mlango?"

"Nilidhani utaniangalia," Corinne alisema. "Vile mnavyotuangaliaga."

Simu ikakatika. Alimpigia mara saba, haikupokelewa. Alijilaza na nguo zake, mtoto akampiga teke dogo, la kwanza kulisikia wazi, na Corinne akauma mto.

Jumatatu walikuwa na nyumba moja ya wazee iliyobaki. Asipokwenda mmoja, wazee ishirini na sita hawapigi kura. Basi wakaenda. Emmett alikuwa amevaa shati lisilopigwa pasi, yeye aliyekuwa akipiga pasi hata suruali ya kazi. Njia nzima walisikiliza vipangusa kioo.

Kitanda cha mwisho kilikuwa cha Bi. Hedwig Brandt, miaka tisini na nne, jicho moja, rangi ya mdomo imevuka mipaka.

"Nyinyi mmegombana," alisema huku akifunga bahasha.

"Hapana, bibi," Corinne alisema.

"Usinidanganye, nimezika waume watatu. Mwaka ule mwingine waliniletea wawili waliochukiana kama paka, wakasaini vizuri tu. Nyinyi mnapendana, mnanitetemeshea bahasha."

Corinne alipopewa bahasha asaini, nafasi yake ilikuwa imejaa. Emmett alikuwa amesaini kushoto, mahali pa Mdemokrat, kwa ule mwandiko wake wa mtoto wa darasa la kwanza. Hilo ni kosa ambalo mfanyakazi wa kura halifanyi labda awe kipofu.

"Umesaini upande wangu," alimwambia, maneno ya kwanza tangu Jumamosi.

"Sioni," Emmett alisema. Kweli hakuwa akiona. Machozi yalikuwa yakidondokea shuka la Bi. Hedwig, na bibi akayaacha yadondoke, akanyoosha mkono kudai bahasha nyingine.

Nje, mvua imetulia, walipanda gari, lakini Emmett hakuliwasha.

"Wa chama changu pia wamenipigia," alisema. "Mwenyekiti anataka nisimame niseme mtoto ni wangu na unataka kumuua. Nikamwambia aje kwanza anisaidie kubomoa kitanda." Akajipangusa kwa mkono wa shati. "Unavuka lini?"

"Alhamisi. Saa mbili asubuhi. Paulette ananitafutia gari."

"Hapana."

"Emmett, usianze."

"Sikatazi kwenda. Namkatalia Paulette." Akageuka kumtazama. "Kura moja ya kikongwe tumeipeleka wawili, sheria haitaki mtu mmoja kitandani. Kwa mwanangu wewe ukakae peke yako?"

"Wewe huliamini jambo hili."

"Siliamini. Sijui hata kama litakuja kunitoka moyoni. Nitasali njia nzima, na wewe itabidi univumilie."

"Kwa sauti?"

"Kimoyomoyo."

"Basi egemea ukuta wako uogope, lakini uwepo," Corinne alisema, na hapo ndipo alipolia vizuri, kifua kwenye usukani wa mwenzake, honi ikilia maegesho yote.

Alipopata pumzi aliuliza, "Novemba utapigaje kura?"

"Mbele ya kitanda hatuulizani. Ni sheria."

Alhamisi walivuka daraja, mto uko chini yao umejaa matope. Emmett midomo ilikuwa ikitembea. Dashibodini hapakuwa na kitu, na Corinne hakuuliza kilikokwenda.

Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa alasiri, kimya. Walimwita Agnes, jina la bibi yake Emmett, na kila mmoja alimshika zamu yake. Emmett alimshika muda mrefu, amenyoosha viganja kama mtu aliyepewa maji ya kunywa jangwani na hataki yamwagike.

"Hafanani na vile," alisema hatimaye.

"Vile vipi?"

"Vile vya plastiki. Hafanani kabisa."

Kila mmoja angeweza kulipeleka neno hilo kwenye chama chake likashangiliwa, na ndiyo maana likabaki chumbani mle.

Muuguzi aliwaletea kadi yenye nyayo mbili za wino, kila moja kama ncha ya kidole gumba, na bahasha nyeupe.

"Nitaivaa baada ya Novemba," Corinne alisema kutoka kitandani.

"Sijauliza kitu."

"Najua. Nakujibu."

Emmett akatia kadi kwenye bahasha, akailamba, akaifunga. Mikono ikaigeuza yenyewe kwa mazoea. Akatoa kalamu, akasaini kulia, polepole, herufi kwa herufi, kisha akaiweka juu ya blanketi mbele ya Corinne. Naye akasaini kushoto.

"Tarehe," Emmett alimkumbusha.

Akaandika tarehe.