Gia ya Jipu la Rongai

Mimi sina uongo. Haya yalimpata rafiki yangu Kiptanui, fundi wa shamba la mzungu kule Rongai, mwaka wa hamsini na nne. Aliambiwa jipu kuukuu lisipotembea kufikia Jumamosi, ahame na watoto. Akalifungia injini na giaboksi za lori bovu. Mafundi wa Nakuru huuliza kwanza lori lilikufaje, na kama dereva alikufa nalo. Yeye, kwa haraka, hakuuliza. Siku tatu akazungusha hendeli ya kuwashia injini. Wapi!

“Baba Cherono, hiyo maiti haiamki hata ukiiombea,” mkewe akamcheka mlangoni.

“Nenda zako! Na ufunge mlango, upepo utazima taa.”

Ukaizima. Gizani akasikia klachi ikikanyagwa, kisha gia ikiingia: kacha! Jipu likajongea, likamgusa goti. Injini kimya, baridi kama jiwe. Akapapasa ndani mpaka akashika kirungu cha gia. Kilikuwa na joto, kimelowa jasho.